Dripu ya NAD na Uchovu wa Maalim: Tutarajie Nini?

(Mazungumzo yaliyotolewa na dada mmoja ambaye ni mhudumu wa afya, mbele ya vijana na wazazi, Thika, baada ya swala ya Alasiri, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Shaaban.)



 

Kamati iliniomba nizungumze juu ya afya katika Ramadhan. Nilikuwa nimetayarisha mambo ya daku na futari, na kunywa maji ya kutosha, yale mnayoyasikia kila mwaka. Halafu Jumanne nikaona ujumbe kwenye simu, kwenye lile kundi letu: tuchange pesa tumpeleke maalim wetu Nairobi akawekewe dripu ya NAD, mara nne, ili apate nguvu kabla ya tarawehe kuanza. Mpaka jana usiku mchango umefika shilingi 31,500. Mashaallah, hiyo ni mapenzi. Mimi pia nilituma. Lakini nilipotuma nikakosa usingizi, kwa sababu ni mimi mnaoniita daktari hapa, na sikuwa nimesema neno. Basi mambo ya futari nimeyaweka kando. Maalim mwenyewe yuko hapa, ameketi pale nyuma, na amenipa ruhusa nimtaje. Nimemuuliza mara mbili.

Kwanza hii NAD ni kitu gani? Jina lake refu ni nikotinamidi adenini dinukleotidi, na msijisumbue kulikariri. Si dawa iliyobuniwa juzi. Iko ndani ya kila seli ya mwili wako sasa hivi, na iko ndani ya maharagwe na ndani ya mbuzi pia. Mwaka 1906 Waingereza wawili, Arthur Harden na William Young, walikuwa wakichunguza jinsi hamira inavyoumua sukari, wakaona kuna kitu kidogo ndani ya maji ya hamira iliyochemshwa ambacho bila yeye kazi haiendi. Harden alipata tuzo ya Nobel mwaka 1929 pamoja na Hans von Euler-Chelpin kwa kazi hiyo. Kile kitu ndicho hii NAD.

Kazi yake nitawaeleza kwa lugha ya Thika Road. Chakula kikishameng'enywa, nguvu zake zinatolewa kidogo kidogo na kupelekwa mahali ndani ya seli panapoitwa mitokondria, na huko ndiko nguvu ya kutembea na kufikiri inatengenezwa. NAD ndiyo matatu. Inabeba abiria kutoka kwa chakula, inawashusha mitokondria, inarudi tupu kubeba wengine. Inazunguka hivyo usiku na mchana. Kuna kazi nyingine ambazo NAD inatumika na kuisha, kama vile kurekebisha uharibifu kwenye vinasaba, kwa hivyo mwili unatengeneza nyingine kila siku. Malighafi yake kubwa ni vitamini B3, na pia protini tunayokula.

Sasa ukweli wa kwanza: upungufu wa hiyo malighafi ni ugonjwa kweli, na unaua. Unaitwa pelagra. Mtu anapata ngozi ya kukauka na kuwa nyeusi palipopigwa na jua, anaharisha, na mwisho akili zinavurugika. Ulisumbua sana kusini mwa Marekani miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, watu masikini waliokula mahindi matupu. Daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba si ugonjwa wa kuambukizana bali ni wa chakula, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaonyesha kwamba ni hiyo B3 inayokosekana. Na msidhani ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata mlipuko wa pelagra mwaka 1990, wakila posho ya mahindi, njugu zilipokosekana. Mahindi yana B3, lakini imefungwa kiasi kwamba tumbo haliitoi vizuri.

Je, sisi tunaokula ugali kila siku tuko hatarini? Mtu mzima anahitaji kama miligramu 14 hadi 16 za B3 kwa siku. Gramu 100 za njugu karanga zina kama 12. Nyama, kuku, samaki, maini, maharagwe, vyote vinaongeza. Tena tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti uongezwe vitamini, na hii ikiwemo. Soma pakiti yako. Ule wa kusaga posho mili hauongezwi, lakini ukiula na maharage na mboga na siku moja moja samaki, huna shida. Anayehitaji uangalifu ni mlevi asiyekula, mtu mwenye ugonjwa wa tumbo wa muda mrefu, na anayetumia dawa ya TB ya isoniazidi, kwa sababu inavuruga vitamini B6 ambayo mwili unaitumia kutengeneza B3. Ndiyo maana kituo cha afya wanakupa na zile tembe za piridoksini. Zimeze, usiziache kwenye droo.

Kwa hivyo mtu mwenye pelagra ukimpa vitamini yake, anapona, na ni kama muujiza. Tembe ya nikotinamidi iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni tembe ya kawaida. Hiyo ni habari moja. Dripu ya NAD kwa mtu asiye na upungufu, aliyechoka kwa sababu ya maisha, ni habari nyingine kabisa, na wauzaji wanazichanganya makusudi.

Wanasema nini? Wanasema NAD inapungua umri ukienda, na wewe unajisikia mzee, basi tukuongezee. Kupungua kuna ukweli ndani yake, hasa kwa wanyama wa maabara, na kwa baadhi ya viungo vya binadamu. Panya walioongezewa walifanya vizuri katika majaribio kadhaa. Lakini ninyi si panya. Mwaka 2018 watafiti wa Colorado waliwapa watu 24 wenye afya, wa makamo na wazee, tembe za aina ya B3 kwa wiki sita. NAD katika damu ilipanda, kama asilimia 60. Lakini nguvu zao za mwili zilipopimwa hazikuongezeka. Kile kitu kimepanda, na mtu ni yule yule.

Na ile ya kuingizwa mshipani? Hapo ushahidi ni mwembamba kuliko unavyofikiria. Mwaka 2019 kuna utafiti mdogo mno, wanaume wachache, waliowekewa miligramu 750 kwa saa sita, wakapimwa damu na mkojo. Ulipima dawa inaenda wapi. Haukuuliza kama uchovu uliondoka. Majaribio makubwa ya watu waliochoshwa na kazi, nusu wakapewa NAD na nusu maji ya chumvi bila kujua, halafu wakafuatwa miezi, hayo hatuna. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha NAD ya mshipani kwa uchovu wala kwa ugonjwa wowote. Molekuli yenyewe ni kubwa na ina chaji, haiingii ndani ya seli hivi hivi. Sehemu kubwa inavunjwa huko nje kwanza kuwa vipande vya vitamini, halafu seli inaviokota na kujenga upya. Yaani unalipa maelfu upate kile ambacho njugu zingekupa polepole.

Kuna kijana atasema, lakini rafiki yangu aliwekewa akaamka kama simba. Namwamini. Wacha niwape mfano wa dripu nyingine, ile ya mchanganyiko wa vitamini inayoitwa kwa jina la daktari Myers wa Marekani. Mwaka 2009 walichapisha jaribio la watu 34 wenye maumivu ya mwili mzima na uchovu. Wengine waliwekewa vitamini, wengine maji yasiyo na vitamini, wiki nane. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya kutegemewa. Fikiria hilo. Mtu aliyechoka umemlaza kwenye kiti kizuri saa tatu, simu imezimwa, kuna mtu anamuuliza kwa upole anajisikiaje, amepata maji mwilini. Mbona asijisikie vizuri! Mama zetu walikuwa wanatufanyia hivyo bure.

Mimi mwenyewe nimepita hapo. Mwaka 2022 nilikuwa nafanya kazi mchana Thika, na usiku mara tatu kwa wiki nashika zamu kwenye kliniki ya watu binafsi. Nilikuwa nalia kwenye choo cha kazini. Wagonjwa wakaanza kuniudhi, naona mama ana mtoto mgonjwa na moyo wangu hauguswi. Mwenzangu akaniwekea dripu ya vitamini, si NAD, ile ya manjano. Siku mbili nilikuwa na nguvu, nikajisifu. Siku ya tatu nikarudi choo kile kile. Kilichonitoa ni kuacha zile zamu za usiku, na kwa miezi kadhaa tulibana matumizi nyumbani mpaka mume wangu akauza pikipiki. Sikusimulia hilo ili mnipigie makofi. Ile pikipiki bado inaniuma.

Sasa uchovu wa namna hii una jina. Wazungu walianza kuuandika mwaka 1974, Herbert Freudenberger, aliyekuwa akiona wahudumu wa kujitolea katika zahanati New York wakiishiwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza rasmi katika orodha yake mpya ya magonjwa, na likasema wazi: ni jambo linalotokana na kazi, halikuuita ugonjwa. Dalili zake ni tatu. Nguvu kuisha kabisa. Kuichukia kazi, au kuwaona watu unaowahudumia kama mzigo. Na kuona kwamba hakuna unachofanya kinachofaa. Chanzo, wanasema, ni shinikizo la muda mrefu kazini ambalo halikushughulikiwa. Hebu sikieni chanzo hicho. Hakuna mahali panasema upungufu wa dripu.

Kabla hujajiita umechoshwa na kazi, lakini, upimwe. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanaumia. Kuna dada mmoja wa Ruiru, jina nalihifadhi, alikuwa amechoka mwaka mzima. Moyo unadunda akipanda ngazi. Aliambiwa ni mawazo, akanunua vinywaji vya kuongeza nguvu, akatibiwa taifodi mara tatu. Hiyo taifodi ya Kenya nayo ni hadithi! Kipimo kile cha haraka cha damu kinadanganya sana, na nusu ya mtaa imewahi kutibiwa taifodi isiyokuwepo. Mwishowe akakopa kwenye simu akaenda kuwekewa dripu ya nguvu, mara mbili. Alipokuja kwetu tukampima damu: gramu 7 na kitu, wakati mwanamke anatakiwa angalau 12. Hedhi yake ilikuwa nzito miaka mingi na hakumwambia mtu kwa haya. Tembe za madini ya chuma, matibabu ya ile hedhi, na kuacha chai mezani wakati wa chakula kwa sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini. Miezi minne baadaye yuko sawa. Tembe zile ni bei ya nauli. Deni la simu bado alikuwa analilipa.

Kwa hivyo uchovu ukizidi wiki tatu nne, nenda kituo cha afya. Wakuangalie damu, sukari, figo, tezi ya shingo, TB ukiwa na kikohozi au unakonda, virusi vya HIV, na mwanamke aangalie mimba. Waulize kuhusu usingizi: unayekoroma na kukatika pumzi usiku, unaamka umechoka. Na waulize kuhusu huzuni. Mtu ambaye amepoteza hamu ya kila kitu, au anawaza afadhali afe, huyo hana haja ya kungoja wiki tatu, aletwe leo, na si dalili ya imani ndogo. NHIF iliondoka Oktoba 2024, sasa ni SHA. Kama hujajiandikisha, jiandikishe, maana huduma ya kwanza katika zahanati na vituo vya afya ndiyo iliyokusudiwa kukufaa hapo.

Na yule ambaye bado anataka dripu ya NAD? Sitamkataza mtu mzima na pesa zake. Lakini ajue anachotarajia. Huenda akajisikia vizuri siku moja mbili, huenda asijisikie chochote. Ikipitishwa haraka inaleta kichefuchefu, tumbo kusokota, kifua kubana na moyo kwenda mbio. Ndiyo maana wanakulaza saa nyingi. Sindano yoyote ya mshipani inaweza kuingiza wadudu kwenye damu kama mikono si safi. Mwenye ugonjwa wa moyo, figo, mimba au saratani asikaribie bila daktari wake kujua. Auliza dawa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu? Kituo na daktari wana leseni ya baraza la madaktari, KMPDC? Majina yanaangaliwa kwenye mtandao, dakika mbili. Ukiuliza wakakasirika, vaa viatu vyako. Na anayekuambia ukitumia NAD uache dawa zako za sukari au za presha, huyo mkimbie.

Turudi kwa maalim. Alikubali tumpime, na vipimo vyake vyote ni vizuri. Nikamuomba anihesabie wiki yake. Jumatatu mpaka Ijumaa anafundisha watoto wetu kuanzia saa tisa hadi karibu na Magharibi. Kisha matatu ya Ruiru. Saa mbili usiku anaingia godauni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, mara sita kwa wiki. Hizo ni saa sitini, na sitini ndio ukomo wa kawaida wa wiki ya mfanyakazi wa usiku kwa kanuni za mishahara za Kenya. Wa mchana ni 52. Kwa hivyo mwajiri wake hajavunja kitu. Lakini Jumamosi na Jumapili madrasa ni asubuhi, saa mbili na nusu. Yaani anashuka kutoka zamu, anaingia darasani, watoto sitini. Ile siku moja ya mapumziko katika saba ambayo sheria ya ajira ya 2007 inampa, tumeichukua sisi. Si godauni. Sisi. Na Ramadhan anaomba shifti ya mchana ili atusalishe tarawehe, huku amefunga.

Nilipomaliza kuandika nikamuuliza, maalim, unawapenda hao watoto? Akanyamaza. Akasema, "Zamani nilikuwa nawapenda." Halafu akainama.

Mnakumbuka kisa cha Salman al-Farisi alipomtembelea ndugu yake Abu Dardaa, akamkuta anafunga mchana na kusimama usiku mpaka mke wake amekata tamaa. Salman alimlazimisha ale, akamlazimisha alale, wakaamka pamoja mwisho wa usiku. Akamweleza kwamba mwili una haki, na watu wa nyumbani wana haki. Mtume (SAW) alipoelezwa, alisema Salman amesema kweli. Angalieni Salman alifanya nini: alikwenda nyumbani kwake, akakaa naye, akasimamia usingizi wake.

Baadaye kulikuwa na maswali. Kijana aliuliza kama dripu inafunguza. Nilisema mimi si mwanachuoni; ninavyofahamu wanazuoni wengi wa zama hizi wanasema dripu ya lishe inafunguza, na sindano isiyo ya lishe wengi hawaioni hivyo, lakini aulizwe sheikh. Nikaongeza kwamba mgonjwa anayehitaji dripu kweli ana ruhusa ya kula na kulipa siku hizo baadaye, na asiyeihitaji hana sababu ya kuitafuta mchana wa Ramadhan. Mama mmoja akauliza kuhusu miraa na vinywaji vya nguvu kwa wanaokesha. Vinakopa usingizi wa kesho, mama, na riba yake ni kubwa.

Mzee mmoja akauliza, basi zile shilingi 31,500 zirudishwe? Nilipendekeza hivi, na kamati imekubali: zilipe mwalimu msaidizi wa Jumamosi na Jumapili asubuhi kwa miezi mitatu, maalim alale. Tarawehe agawane na vijana wawili waliohifadhi, kila mmoja siku zake. Madarasa ya jioni tushike sisi siku mbili kwa wiki, hata kama ni kuwasimamia watoto wakirudia alifu na bee. Baada ya Idi tumpime tena, na tumuulize lile swali la watoto.

Karatasi ya zamu iko kwa katibu. Mpaka nilipoondoka ilikuwa na majina matano. Jumatano jioni bado haina mtu.